Daktari Ronald Ross na Viluwiluwi vya Dimbwini

Mtu akifika Garsen baada ya Mto Tana kufurika, wakati maji yanapoanza kurudi mtoni, huona vidimbwi kila aendako. Vimo mashambani mwa Wapokomo, vimo katika malisho ya Waorma, vimo katika nyayo za ng'ombe na katika mitaro iliyochimbwa na magurudumu ya malori kando ya barabara iendayo Lamu. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mafuriko ya 1961, ndivyo ilivyokuwa baada ya yale ya 1997, na ndivyo nilivyoona mimi mwenyewe baada ya mafuriko ya mwaka wa 2024. Maji hayo ni neema, kwani bila ya hayo hakuna mpunga, hakuna maembe wala malisho. Lakini kila mwenyeji wa huko ajua kwamba nyuma ya maji huja homa.

Mwaka huo nilikuwa mgeni wa mzee mmoja hapo Garsen. Nyuma ya nyumba yake pana bustani ndogo ya mchicha na bamia, na katikati ya bustani amechimba kidimbwi cha maji ya kumwagilia. Jioni moja mjukuu wake wa kike, mtoto apataye miaka kumi, alichota maji ya kidimbwi hicho kwa bakuli jeupe akatuletea barazani. Tukatazama. Mlikuwamo vidudu vya namna nyingi. Vingine vilining'inia kichwa chini mkia juu, mfano wa popo darini. Vingine vililala sawasawa juu ya uso wa maji, kama vipande vya nyasi kavu. Palikuwa na kijinyoo chekundu kilichojipindapinda chini ya bakuli, na kidudu kingine kibaya wa sura, chenye miguu sita na macho makubwa. Mtoto akamwuliza babu yake ni kipi kati ya hivyo kinacholeta homa. Babu akamjibu kwamba vyote ni wadudu, avimwage mchangani.

Mimi nilinyamaza, lakini swali la mtoto halikunitoka moyoni. Nilikumbuka kwamba aliwahi kutokea bwana mmoja aliyehangaika miaka miwili na swali hilo hilo, asipate jibu, kwa kuwa siku hizo hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyelijua. Alipolipata, jina lake lilienea ulimwengu mzima. Bwana huyo ni Ronald Ross, na maisha yake ndiyo niliyokusudia kuwasimulia wasomaji wetu leo.

MTOTO WA MWANAJESHI

Ross alizaliwa tarehe 13 Mei, 1857, katika mji wa Almora, kaskazini mwa Bara Hindi, chini ya milima ya Himalaya. Siku tatu tu kabla ya kuzaliwa kwake, askari wa Kihindi wa mji wa Meerut walikuwa wamewaasi wakubwa wao Waingereza, na nchi nzima ya kaskazini ilikuwa ikiwaka moto. Baba yake alikuwa ofisa katika jeshi hilo la Waingereza, na baadaye akawa jenerali.

Alipofika umri wa miaka minane alipelekwa Uingereza kwa jamaa zake akasome. Kijana huyo alipenda mashairi, muziki, uchoraji na hesabu. Udaktari hakuupenda hata kidogo. Lakini baba ndiye aliyekata shauri, na kijana akatii. Aliingia katika hospitali ya St Bartholomew mjini London kusomea kazi ambayo moyo wake haukuitaka, na kwa hivyo hakuwa mwanafunzi hodari. Mtihani mmoja ulimshinda, akafanya kazi ya udaktari katika meli za kwenda New York, kisha akarudi kuukabili tena. Mwaka wa 1881 aliajiriwa katika Idara ya Udaktari ya Bara Hindi, akarudi katika nchi aliyozaliwa.

Kwa miaka mingi ya mwanzo hakuwa na jambo kubwa. Alitibu askari, alicheza michezo yao, alitunga mashairi na kuandika hadithi, alisoma hesabu usiku. Sisi tulio na maradhi ya kutunga twaijua hali hiyo, mtu afanyapo kazi moja kwa mkono na nyingine kwa moyo.

Lakini mji wa Bangalore, mnamo mwaka wa 1883, palitokea jambo dogo ambalo hakulisahau. Nyumba aliyopewa ilijaa mbu kuliko nyumba za wenzake. Alipochunguza aliona pipa la maji nje ya dirisha lake, na ndani ya pipa viluwiluwi tele. Akalipindua. Mbu wakapungua mara moja. Akamwendea mkubwa mmoja wa kambi akamshauri kwamba mapipa na vyombo vyote vya maji vya kambini vipinduliwe, na mbu wataondoka. Mkubwa yule akakataa. Alisema kuwa kufanya hivyo ni kuharibu mpango wa maumbile, na ikiwa mbu wameumbwa basi wana kazi yao, na watu wawavumilie. Siku hizo Ross mwenyewe hakujua kwamba mbu ana jambo lolote na homa. Aliwachukia tu kwa kelele na kuuma kwao.

HOMA ISIYOJULIKANA ASILI

Yafaa tukumbuke hali ya dunia wakati huo. Homa ya malaria ilikuwa ikiua watu kwa malaki, na tiba yake, dawa ya kwinini, ilikwisha julikana zamani. Lakini asili yake haikujulikana. Jina lenyewe la malaria ni maneno ya Kitaliana yenye maana ya hewa mbaya, kwa kuwa watu waliamini kuwa ni mvuke mchafu utokao katika kinamasi. Pwani yetu nayo ilikuwa na elimu yake. Mtoto akishikwa na homa kali akakakamaa, tulisema ni degedege, dege limempitia. Mimi nalikuwa na ndugu yangu mdogo aliyekwenda hivyo, nami ningali mtoto wa chuo. Alifukizwa, akazinguliwa, akaandikiwa kombe. Siku ya tatu tukamzika. Hapana aliyekuwa na makosa katika nyumba yetu, kwani kila mmoja alifanya alilolijua, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuhuisha na kufisha. Lakini nyuma ya jiko letu palikuwa na mitungi mitatu ya maji, na nyuma ya mitungi palikuwa na shimo lililotolewa udongo wa kukandika nyumba, nalo lilijaa maji ya mvua. Hakuna aliyelitazama.

Mwanga wa kwanza ulitoka katika nchi ya Kiislamu, huko Algeria. Mwezi wa Novemba 1880, katika mji wa Constantine, daktari wa jeshi la Wafaransa, Alphonse Laveran, alitazama kwa darubini damu ya askari mgonjwa wa homa, akaona ndani yake vijidudu hai vyenye chembe nyeusi. Kwa hiyo ikajulikana kuwa homa hii si hewa, ni vijidudu vinavyokula damu. Swali likabaki: vinaingiaje mwilini?

Mwingereza mwingine, Patrick Manson, aliyekuwa akifanya kazi huko Uchina, alikuwa amekwisha gundua mnamo mwaka wa 1877 kwamba vinyoo vya matende hufyonzwa na mbu pamoja na damu ya mtu, na hukua ndani ya mbu huyo. Matende twayajua vizuri sisi watu wa pwani, kutoka Vanga mpaka Tana. Manson akafikiri kuwa huenda malaria nayo ina njia hiyo. Mwaka wa 1894 Ross alipokuwa likizoni London alimtembelea Manson, na Manson akamwonyesha vijidudu vya Laveran kwa macho yake. Tangu siku hiyo mshairi yule aliyeishi bila ya shabaha akapata shabaha. Alirudi Bara Hindi mwaka wa 1895 na darubini yake, akapelekwa katika mji wa Secunderabad.

MIAKA MIWILI YA KUPOTEA

Kazi aliyoianza ilikuwa nyepesi kuieleza, ngumu kuifanya. Alikusanya viluwiluwi kutoka vidimbwi na mitungi, akaviweka katika chupa mpaka vikawa mbu. Alifanya hivyo ili awe na mbu safi, ambao hawajapata kumwuma mtu yeyote. Kisha akawaweka ndani ya chandarua pamoja na mgonjwa wa malaria, wamwume. Baada ya siku kadhaa akawapasua mmoja mmoja chini ya darubini, akitafuta vijidudu vile matumboni mwao. Mgonjwa wake wa kwanza hapo Secunderabad alikuwa mtu aitwaye Abdul Kadir.

Kosa lilikuwa ni mbu wenyewe. Ross aliwajua mbu wa namna mbili tu, na aliwaita kwa rangi zao. Wako wa kijivu, nao ndio wajaao majumbani usiku, na wako wenye mistari miguuni, waumao mchana. Hao ndio waliopatikana kwa wingi, na viluwiluwi vyao vilijaa katika kila chombo. Aliwapasua mamia yao. Hakuona kitu. Siku hizo hapakuwa na kitabu kilichomfaa cha kuwatambua mbu wa Bara Hindi, wala yeye hakuwa mwanachuoni wa wadudu.

Kuna jambo jingine la wakati huo ambalo si vizuri kulificha. Manson alidhani kwamba mbu hufa majini, na kwamba watu huipata homa kwa kuyanywa maji hayo. Ross akawapa watu maskini fedha kidogo wakanywa maji waliyofia mbu. Mmoja alipata homa fupi, wengine hawakupata kitu. Leo daktari akifanya hivyo atashtakiwa, na ni haki ashtakiwe. Wakati ule, mtu mweupe mwenye cheo na Mhindi fukara, hapakuwa na wa kuuliza.

Mwezi wa Septemba 1895 alihamishiwa Bangalore kupambana na kipindupindu. Baadaye, alipokwenda kuchunguza homa katika bonde moja chini ya milima ya Ooty, malaria ikamshika yeye mwenyewe. Alirudi Secunderabad mwezi wa Juni 1897 akiwa dhaifu, katika joto lisilo na kifani. Hakuweza kutumia pangaboi, kwa kuwa upepo uliwapeperusha mbu wake wadogo. Jasho lilimtiririka mpaka parafujo za darubini zikashika kutu, na kioo chake kikapasuka.

CHUPA ILIYOLETWA NA ASIYE NA JINA

Katikati ya mwezi wa Agosti 1897 kukatokea mambo mawili kwa pamoja. Msaidizi mmoja wa hospitali, Mhindi, alimwonyesha mbu mdogo aliyetua ukutani kwa namna ya ajabu. Mbu wa kawaida hukaa mgongo umelingana na ukuta. Huyu aliinua mkia nje, kama mtu aliyesujudu. Na katika siku hizo hizo mmoja wa watu wake wa kukusanya viluwiluwi akaleta chupa. Viluwiluwi vya chupa ile vilipogeuka mbu, walikuwa si wa kijivu wala si wa mistari. Walikuwa wa hudhurungi, na mabawa yao yana madoa.

Ross aliwaachia mbu hao wamwume mgonjwa aitwaye Husein Khan, ambaye alilipwa anna moja kwa kila mbu. Siku zikapita, mbu wakafa mmoja mmoja, wengine akawapasua bila ya kuona jambo. Tarehe 20 Agosti walibaki wachache mno. Alasiri alimpasua mmoja wao, na katika ukuta wa tumbo lake akaona seli za mviringo ambazo hakupata kuziona katika mbu yeyote kabla ya hapo. Ndani yake mna chembe nyeusi, zile zile za vijidudu vya Laveran. Kesho yake akampasua mwingine. Seli zilikuwa zile zile, lakini zimekua. Kwa hivyo zilikuwa hai, na zilikuwa zikikua ndani ya mbu.

Usiku huo Ross alirudia kazi yake ya zamani. Alitunga shairi la kumshukuru Mungu, na shairi hilo ndilo linalokumbukwa zaidi katika yote aliyoyatunga. Wale waliopita chuoni watakumbuka kwamba katika Sura ya Al-Baqara mbu ametajwa kuwa ni mfano, na kwamba walimu wetu walikuwa wakitusimulia jinsi Namrud, mfalme jeuri, alivyoangamizwa na mdudu huyo. Tulidhani ni hadithi ya kumtisha jeuri. Kumbe mbu amewaangusha wafalme na majeshi wengi kuliko huyo mmoja. Mwaka huo huo wa 1897 reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda bara, na homa iliwalaza kwa wingi vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi, wala hapakuwa na mtu Mombasa aliyejua kwa nini.

Yule msaidizi aliyemwonyesha mbu ukutani ni nani? Ross alipoandika kitabu cha maisha yake miaka mingi baadaye, alimsifu kwa uangalifu wake, akasikitika kwamba jina lake amelisahau. Aliyeleta chupa naye hatumjui. Mwenye darubini alipata utukufu, na alistahili, kwani alivumilia pale ambapo wengi wangalikata tamaa. Lakini darubini ile ile ilikuwa mezani miaka miwili yote na haikuonyesha kitu. Kilichobadilika ni viluwiluwi, na viluwiluwi vililetwa na mtu aliyejua kidimbwi cha kuvichota.

NDEGE WA CALCUTTA

Mwezi uliofuata serikali ikamhamisha Ross, ikampeleka Kherwara, mahali palipokuwa na wagonjwa wachache wa malaria. Alilalamika sana. Mwezi wa Februari 1898 alipelekwa Calcutta, na kwa kuwa wagonjwa hawakupatikana kwa urahisi, akageukia malaria ya ndege. Hapo alimwajiri Muhammad Bux, ambaye alikuwa hodari wa kutafuta mbu na viluwiluwi katika mitaro ya mji, na wa kuwaweka ndege vyanduani usiku pamoja na mbu. Kwa bahati nzuri jina lake yeye limehifadhiwa. Safari hii mbu waliokubali walikuwa wale wa kijivu, waliomnyima jibu Secunderabad. Malaria ya ndege ina mbu wake, na ya watu ina wake.

Mwezi wa Julai 1898 Ross aliona vijidudu vikiwa tayari katika tezi za mate ya mbu. Akawaachia mbu hao wawaume ndege wazima, na ndege wakaugua. Hivyo ikathibitika kuwa homa haiji kwa kunywa maji wala kwa kuvuta hewa, bali hutiwa mwilini na mate ya mbu anapouma. Mwisho wa mwaka huo huo Wataliana watatu, Giovanni Battista Grassi na wenzake, walithibitisha habari hiyo kwa mwanadamu, na wakamtaja mbu kwa jina lake la kitaalamu, Anofelesi. Pakazuka ugomvi mkali baina ya Ross na Grassi juu ya nani mwenye haki ya ugunduzi, nao haukwisha mpaka wote wawili walipokufa. Mwaka wa 1902 Tuzo ya Nobel ya udaktari alipewa Ross peke yake. Wengi wameona kuwa Mtaliana hakutendewa haki.

KUTOKA FREETOWN HADI MAURITIUS

Mwaka wa 1899 Ross aliiacha Bara Hindi, akaajiriwa na chuo kipya cha maradhi ya nchi za joto mjini Liverpool. Mwaka huo huo alisafiri na wenzake mpaka Freetown, Sierra Leone. Sasa hakutafuta tena kwa kubahatisha. Walizunguka mji wakichota maji, na wakaona kwamba viluwiluwi vya namna mbili havikai pamoja. Vile vya mbu wa kawaida vilijaa katika mitungi, makopo na mapipa. Vya Anofelesi vilikuwa katika vidimbwi vya chini, vyenye maji yaliyotulia na kupigwa na jua. Na mbu waliyemkuta huko, ambaye leo huitwa Anofelesi gambiae, ni yule yule anayetuuma sisi pwani ya mashariki.

Hata kuvitambua kwa macho si kazi. Kiluwiluwi cha mbu wa kijivu kina mrija mkiani. Hukisimamisha kiwiliwili kichwa chini, na mrija ukatokeza juu kuvuta pumzi. Kiluwiluwi cha Anofelesi hakina mrija huo, kwa hivyo hakina budi kulala sawasawa chini ya uso wa maji ili kipumue, nacho hugeuza kichwa chake nyuma kula kilicho juu ya maji. Mtoto mwenye bakuli jeupe na subira kidogo aweza kuvitenga.

Mwezi wa Septemba 1902 Ross aliitwa Misri, katika mji wa Ismailia ulio kando ya Mfereji wa Suez. Mji huo ulikuwa umejengwa jangwani, ukaletewa maji matamu kwa mtaro, na malaria ikaja pamoja na maji. Mwaka huo wagonjwa walipita 1500. Ross alishauri madimbwi yafukiwe, mitaro isafishwe, na mafuta yamwagwe pasipoweza kufukiwa. Mwaka uliofuata wagonjwa hawakufika 300, na mwaka wa 1904 hawakufika 100.

Mwishoni mwa 1907 alikwenda Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii, ambako malaria iliingia katika miaka ya 1860 ikaua maelfu kwa maelfu. Hapo ndipo hesabu aliyoipenda tangu ujanani ilipomfaa. Alipiga hesabu ya mbu na watu, akaonyesha kwamba si lazima mbu wote wafe. Wakipungua mpaka chini ya kiasi fulani, homa yenyewe hupungua mpaka ikaisha. Kitabu chake kikubwa juu ya kuizuia malaria kilitoka mwaka wa 1910, na wanachuoni wa hesabu za maradhi bado huanza kwake.

Alipewa jina la heshima la Sir mwaka wa 1911. Lakini hakuwa mtu wa furaha. Mwanawe wa kwanza aliuawa vitani mwaka wa 1914. Alilalamika mara kwa mara kwamba taifa lake halikumlipa inavyostahili, na mwaka wa 1928 aliziuza hati zake ili apate fedha. Chuo kilichopewa jina lake kilifunguliwa London mwaka wa 1926, na humo ndimo alimofia tarehe 16 Septemba, 1932, akiwa na umri wa miaka 75.

TURUDI GARSEN

Sasa turudi kwenye bakuli la yule mtoto. Kile kijinyoo chekundu si cha mbu. Ni buu la kijidudu kinachofanana na mbu lakini hakiumi mtu. Kile kibaya wa sura ni buu la kereng'ende, nalo ni rafiki, kwa sababu linakula viluwiluwi mchana kutwa. Vilivyoning'inia ni vya mbu wa kijivu, ambaye pwani kwetu hueneza matende. Na vile vilivyolala kama nyasi, ambavyo havikutofautishwa na vingine, ndivyo vya homa. Kumwaga vyote ni kumwua adui na rafiki kwa pamoja, na kesho mbu watarudi kutaga, lakini kereng'ende huchukua muda mrefu zaidi kukua.

Wazee wetu hawakuwa wajinga kabisa katika jambo hili. Katika mabirika ya misikiti na ya nyumba za Lamu walifuga samaki wadogo ili maji yasiwe na viluwiluwi, na wakaweka mabakuli ya kauri sakafuni mwa birika, samaki wapate pa kujihifadhi maji yanaposafishwa. Walijua dawa kabla ya kuyajua maradhi.

Lakini njia ya Ross ya Ismailia haitufai yote. Ismailia ulikuwa mji mmoja na mtaro mmoja. Nani atafukia madimbwi ya Tana, kutoka Garsen mpaka Kipini? Na akiyafukia, Mpokomo atalima wapi mpunga wake, na Mworma atanywesha wapi ng'ombe wake? Maji hayawezi kuondoshwa, wala si vizuri yaondoshwe. Linalobaki ni kujua ni maji gani yana nini, kuyashughulikia yale yaliyo karibu na nyumba, na kulala ndani ya chandarua chenye dawa.

Tena mbu si mmoja wala maradhi si mamoja. Mwaka wa 2004 Lamu ilishikwa na chikungunya wakati wa ukame, kwa sababu ya viluwiluwi vya mbu mwenye mistari waliozaliwa katika maji yaliyowekwa akiba majumbani. Mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007, nchi za Garissa na Tana zilipata homa ya Bonde la Ufa wakati wa mafuriko, kwa mbu ambao mayai yao hukaa katika udongo mkavu miaka mingi yakingoja maji. Pale ukame ndio ulioleta, hapa gharika. Mwenye kuwaita wote mbu tu hataweza kujikinga na lolote.

Tarehe 20 Agosti kila mwaka watu huadhimisha ugunduzi wa Ross, na jina lake hutajwa. Ni vizuri litajwe. Mimi siku hiyo humkumbuka pia yule Mhindi wa hospitali ya Secunderabad na mwenzake wa chupa, na hukumbuka lile shimo la nyuma ya jiko letu. Kabla sijaondoka Garsen nilimwambia mwenyeji wangu ni vipi vya homa na ni kipi kereng'ende. Kesho yake asubuhi nilimkuta mjukuu wake ameinama kidimbwini na bakuli lake, na babu amechutama kando yake, akitazama.